Marobota Uani kwa Fundi Cheche

Gari la Mama Maziwa lilipopinda kona na kusimama mbele ya geti la Fundi Cheche, Kinyozi wa jirani alikiacha kichwa cha mteja kikiwa nusu msitu nusu uwanja, akatoka nje na mashine yake mkononi.

"Fundi, ng'ombe yuko wapi?" akauliza.

"Ng'ombe gani?"

"Si naona chakula chake kimetangulia?"

Fundi Cheche alimpita. Alikuwa amelikumbatia robota la kwanza la mabua makavu, na mabua yalikuwa yanamchoma shingoni. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa amebeba chuma. Mzigo mwepesi namna ile, tena unaowasha, ulimfanya atembee kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mama Maziwa, mwanamke mnene mwenye buti za mpira, alikuwa juu ya gari akimteremshia moja moja mpaka yakatimia kumi na mawili.

"Wala si chakula," Mama Maziwa akamwambia Kinyozi. "Mabua ya ngano haya, mimi nawatandikia ng'ombe wangu walalie. Nimemuuliza anayataka ya nini, kaninyamazia. Labda godoro lake limechoka."

"Godoro la watu kumi na wawili!"

Wakacheka wote, hata mteja aliyekuwa amechungulia mlangoni na taulo shingoni. Fundi Cheche naye alitabasamu, akashukuru, akafunga geti. Kisha akakaa juu ya robota mojawapo, na ukimya ukarudi uani. Alikuwa ameuzoea ukimya ule kwa mwaka mmoja na miezi saba, ila kuuzoea si kuupenda.

Alikuwa na miaka sitini na minne. Cheche lilikuwa jina la kazini: mageti, madirisha ya chuma na vitanda vya nusu ya mji ule vilikuwa vimepita mikononi mwake, vikirusha cheche. Mwishowe macho yake yalichoka, daktari akamwambia akichomelea mwaka mmoja zaidi atakuwa anapapasa njia ya chooni. Akauza mashine. Kilichobaki nyuma ya nyumba ni ua mpana wa saruji tupu, toka mlango wa jikoni mpaka ukutani, wenye madoa ya kutu pale mageti yalipokuwa yakilazwa.

Mkewe alikuwa amefundisha chekechea mpaka anastaafu, na watu wote, yeye Fundi akiwa wa kwanza, walimwita Mwalimu. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, muuguzi aliyekwenda kufanya kazi nchi ya mbali na kuolewa hukohuko. Binti alipojifungua mapacha, Mwalimu alifunga sanduku akaenda kumsaidia kwa miezi mitatu. Lakini mapacha walizaliwa kabla ya siku zao, na mmoja kifua chake kilikuwa dhaifu. Miezi mitatu ikawa sita. Binti akarudi kazini, na wahenga walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mwaka ukapita. Nani angemlaumu nani?

Walikuwa wanapigiana simu kila baada ya siku moja, saa kumi jioni, wakati ambapo huko mapacha huwa wamelala.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Watoto?"

"Wamelala. Huyu mmoja ana mafua."

"Pole."

"Tumeshapoa. Haya, Fundi."

"Haya, Mwalimu."

Ndoa ya miaka arobaini, na maongezi yenyewe hayakutosha kupoza kikombe cha chai. Si kwamba waligombana. Tangu zamani hawakuwa watu wa maneno. Nyumbani walikuwa wakisemezana kwa vitu: sahani iliyofunikwa, shati lililoanuliwa kabla ya mvua, mlango uliofungwa taratibu asubuhi ili mwenzako aendelee kulala. Kwenye simu hakuna sahani.

Ndipo siku moja Mwalimu akacheka. Alikuwa anamsimulia kwamba nyuma ya jengo lao kuna sehemu ya kuegesha magari, na mzee mmoja anayeishi ghorofa ya chini amepanga marobota ya mabua pale, akapanda bustani juu yake.

"Nakwambia, Fundi, hakuna udongo hata kijiko! Nyanya zinaning'inia, maua mekundu, maua ya manjano, vyote viko juu ya lami! Nimesimama pale nashangaa mpaka mapacha wakaanza kulia." Akacheka tena, kicheko kirefu cha kifuani.

Fundi Cheche aliitoa simu sikioni, akaiangalia. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko kile, akashindwa. Asubuhi yake alikuwa amesimama kwenye zizi la Mama Maziwa.

Aliamua kutomwambia Mwalimu kitu. Ipo siku angerudi, afungue geti akutane na bustani yake. Tatizo ni kwamba yeye alijua chuma. Chuma ukikikata leo, kesho utakikuta vilevile kinakusubiri. Mimea hakuijua hata kidogo. Kwa hiyo ilimbidi aulize bila kuuliza.

"Yule mzee wako," alianza jioni moja.

"Mzee wangu yupi? Mzee wangu si wewe?"

"Wa marobota. Anapanda tu hivihivi?"

"Unataka kujua ya nini?"

"Ni maongezi tu, Mwalimu. Au tumekatazwa kuongea?"

"Makubwa," Mwalimu akasema. "Nitamuuliza."

Akamuuliza kweli. Mzee hakujua lugha yake, naye Mwalimu alikuwa na maneno machache ya lugha ya kule, wakawa wanaelewana kwa mikono, na siku binti akiwa mapumziko, kwa mdomo wa binti. Maelekezo yakawa yanafika vipande vipande. Robota lilazwe ncha za mabua zilizokatwa zitazame juu. Kamba ziwe ubavuni, tena zisikatwe, ukizikata una lundo la takataka. Limwagiliwe mpaka litiririshe maji chini. Kisha kila baada ya siku moja linyunyiziwe mbolea ya chumvichumvi na maji juu yake, ili mabua yaanze kuoza kwa ndani.

"Yakianza kuoza yanapata joto," alisema Mwalimu. "Anasema ukitia mkono unautoa mbio. Usubiri lipoe, ndiyo upande."

"Joto!" Fundi akacheka peke yake uani. Nani wa kumweleza yeye habari za joto?

Na hapo hasa ndipo alipokosea. Siku ya sita alichomeka kidole ndani ya robota, akaona uvuguvugu kama wa maji ya kuoga. Hili ndilo joto? Akaenda kwa muuza miche, akarudi na trei ya miche thelathini na sita ya nyanya na pilipili hoho, akaipanda yote kwa mistari iliyonyooka kama nondo za dirisha. Siku ya tatu baada ya kupanda aliikuta imelala chini, imelegea, imekuwa kijani cheusi kama mboga iliyosahaulika jikoni. Akazamisha mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Kule ndani kulikuwa kunaunguza.

Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni asubuhi nzima. Miche ni miche, hununuliwa mingine, alijua hivyo. Hata hivyo hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu pekee aliyetaka kumwambia ndiye aliyekuwa anamficha.

"Sauti yako ina nini?" Mwalimu akauliza saa kumi.

"Mafua."

"Na wewe? Utafikiri umeambukizwa na mjukuu wako kwa simu. Kunywa kitu cha moto."

"Nitakunywa." Akaitazama miche iliyolala. "Hivi yule mzee, mtu akipanda kabla halijapoa inakuwaje?"

"Wewe, hilo hilo ndilo nililomuuliza! Amecheka mpaka akashika kiuno. Anasema mwaka wa kwanza alichemsha miche yote. Kila mtu anachemsha ya kwanza."

Fundi akaliweka neno lile moyoni. Lakini chini yake kulikuwa na kidonda kidogo.

"Ana mke?"

"Nani?"

"Huyo anayeshika kiuno."

"Alifariki zamani. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Fundi! Mtu ana miaka themanini na tatu!"

"Kwani nimesema kitu?"

Mwalimu akacheka, na safari hii Fundi alikuwa amejiandaa, akakisikiliza kicheko mpaka mwisho.

Simu zikaanza kurefuka. Dakika kumi, kumi na tano. Asubuhi akinywa chai alikuwa anaandika maswali ya siku nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka uliopita: maji asubuhi au jioni? Mbegu za maharage ndani au pembeni? Mengine majibu yake alikuwa ameshayapata kwa muuza miche. Aliyauliza hivyo hivyo. Mwalimu naye alizoea. Alikuwa anajibu kama anavyojibu darasani, taratibu, kisha anauliza, "Tumeelewana?" na Fundi anaitikia, "Tumeelewana."

Halafu Kinyozi akabisha hodi, uso umemkunjamana.

"Fundi, mimi nakuheshimu kama kaka. Lakini wateja wananiuliza kama siku hizi nanyoa na maiti."

Ilikuwa kweli, marobota yalikuwa yananuka, na asubuhi yalifuka mvuke kama birika. Fundi aliomba radhi, akamwambia wiki moja tu. Kabla wiki haijaisha vikaota vijiuyoga vya kijivu, vyenye mashina membamba kama nyuzi. Asubuhi vilisimama kwa mamia, ikifika mchana vimeyeyuka kuwa kitu cheusi kama wino. Fundi aliogopa, akidhani ni ugonjwa. Jioni ile jibu lilifika: uyoga ukitoka ujue joto limekwisha. Panda.

Akapanda upya. Nyanya, hoho, bilinganya, spinachi, maharage kwenye ncha za marobota, mrehani mwanzoni mwa mstari karibu na jikoni. Ubavuni mwa marobota akatoboa vitundu kwa bisibisi, akasukumia ndani miche ya maua: mekundu, meupe yanayoning'inia, na yale madogo ya manjano yenye harufu kali ambayo wadudu hawayapendi. Muuza miche alimtajia majina, akayasahau kabla hajafika nyumbani. Nyanya zilipoanza kurefuka alizitengenezea fremu ya mabomba, akaifunga kwa waya badala ya kuchomelea, na ilikuwa imara kuliko zizi la Mama Maziwa.

Wiki ya kumi ua ulikuwa hautambuliki. Mabua yenyewe hayakuonekana tena. Nyuki walikuja, hakuna aliyejua kutoka wapi. Asubuhi moja Fundi aliona nyanya ya kwanza imeiva yote, akaichuma, akasimama nayo mkononi akitazama huku na huku. Akaita juu ya ukuta, "Kinyozi!" Ilikuwa siku ambayo Kinyozi hafungui. Akaingia jikoni akaikata, akaitia chumvi, akaila amesimama. Ilikuwa nyanya tamu kuliko zote alizowahi kula, na jambo hilo nalo hakuwa na pa kulipeleka.

Baada ya hapo mazao yakamzidi. Mtu mmoja hawezi kumaliza spinachi ya marobota matatu. Akawa anampelekea Kinyozi, anampelekea Mama Maziwa, anamwekea muuza miche kwenye mfuko. Watu walikuja kuangalia. Walizunguka, wakanusa, wakapiga picha, wakasema, "Ngoja Mwalimu aone!" Fundi alikuwa ametoa viti viwili nje, na kila aliyekuja alimkaribisha akae. Hakuna aliyekaa. Mmoja ana mteja, mwingine ng'ombe hawajakamuliwa, mwingine ameacha chungu motoni. Geti likijifunga nyuma yao, ua ulibaki na yeye na nyuki wachache waliochelewa.

Habari ilikuja kwenye simu ya dakika ishirini na mbili, tena mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo. Binti amepata likizo. Mwalimu anakuja. Atakaa siku kumi na nane.

Alimpokea uwanja wa ndege. Mwalimu alikuwa amepungua, na alitembea haraka haraka kama watu wa kule. Nywele alikuwa ameacha kuzipaka rangi, zimekuwa nyeupe mbele yote. Garini walishikana mikono bila kuongea, na Fundi aliona hilo linatosha. Walipofika alifungua geti akakaa pembeni.

Mwalimu akasimama. Akauweka mkoba wake chini, juu ya saruji. Akapita mstari wa kwanza akigusa majani, akanusa vidole, akapita wa pili. Akafika kwenye robota la mwisho.

"Kwa hiyo yale mafua yote..."

"Yalikuwa marobota."

Mwalimu akacheka, kisha kicheko kikamkatikia katikati, akakaa kwenye kiti kimojawapo na kufunika uso kwa mikono. Fundi akadhani ni furaha. Akangoja.

"Fundi," Mwalimu akasema alipoinua uso, "unajua hapa palikuwa na nini?"

"Wapi?"

"Hapa nilipokaa."

Fundi akatazama chini ya kiti. Saruji.

"Palikuwa na asumini," Mwalimu akasema. "Na mnanaa. Na mwaridi mmoja niliopewa na mama. Nikaenda kumuuguza mama wiki mbili, nikarudi nikakuta umemwaga zege. Hata halijakauka. Ukaniambia niangalie nisikanyage."

Fundi aliikumbuka siku ile. Alikuwa amepata kazi ya mageti ishirini kwa mpigo, akahitaji sakafu iliyonyooka. Aliikumbuka mifuko ya saruji, na mchanga ulivyokuwa na chumvi, na fundi mwashi aliyechelewa. Asumini hakuikumbuka. Alijitahidi, akaitafuta kichwani, hakuipata hata harufu. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko alilosema mkewe.

"Hukusema kitu," akasema.

"Ningesema nini? Lilikuwa limeshamwagwa."

"Mimi nikadhani..."

"Najua. Ulidhani nimeridhika."

Nyuki walikuwa wanavuma. Upande wa pili wa ukuta mashine ya Kinyozi ilikuwa inanguruma.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilishakusamehe, baba. Nilikuwa tu nasubiri siku utakayouliza nina nini." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akainuka, akakunja mikono ya gauni na kuushika mnyanya wa karibu. "Na hivi vichipukizi kwenye makwapa, nani alikwambia uviache?"

"Mzee wako."

"Mzee wangu hajasema hivyo hata siku moja. Sogea."

Siku zile zilikuwa njema. Fundi hangeweza kusema vingine. Asubuhi walimwagilia pamoja, yeye na mpira wa maji, Mwalimu na kopo. Viti vyote viwili vilipata watu. Majirani walikuja kumsalimia, akawafungia mboga na kuwatania, na Kinyozi akaapa kwamba harufu ile ilikuwa ya Fundi mwenyewe, marobota yalisingiziwa tu. Lakini nusu ya Mwalimu ilikuwa imebaki kule. Simu yake ilikuwa inalia saa fulani, saa ambayo huko mapacha wanaamka, naye aliacha chochote alichoshika, akaingia chumbani. Fundi akiwa nje na mpira wake alimsikia dirishani akiwaimbia, na sauti mbili ndogo zikigombania, "Bibi! Bibi!" Alipotoka, uso wake ulichukua muda kurudi.

Siku ya tisa, akitafuta chombo cha kuchemshia maharage, alisema, "Hii ndogo. Nyumbani tuna sufuria kubwa kuliko hii." Hakugundua alichosema. Aliendelea kuosha maharage. Fundi aligundua, akatoka uani akajifanya anafunga waya uliolegea. Waya haukuwa umelegea.

Zilipobaki siku tatu, walikuwa wanachuma bilinganya.

"Twende wote," Mwalimu akasema bila kumtazama.

"Wapi?"

"Kule. Ukae hata kidogo. Wajukuu wanakujua kwenye kioo cha simu tu, wanadhani babu ni kichwa kisicho na miguu."

Moyo wa Fundi uliruka, kisha ukaogopa. Aliyaona macho yake mabovu kwenye barabara asizozijua, mdomo wake usio na lugha, yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti cha mkwe wake mchana kutwa mikono magotini.

"Nikafanye nini kule?" akasema. "Na hii bustani nani ataimwagilia?"

"Kinyozi."

"Kinyozi ataipaka mafuta ya nywele."

Mwalimu hakucheka. "Sawa," akasema, akasogea kwenye robota lililofuata.

Akaondoka siku yake ilipofika. Geti la abiria lilimmeza, na alipogeuka kupunga mkono Fundi aliona, pamoja na huzuni yote iliyokuwa usoni mwake, kwamba miguu yake ilikuwa na haraka.

Mara ya kwanza alikuwa ameachwa na mtu aliyekwenda ugenini. Mara hii alikuwa amemsindikiza mtu anayekwenda kwake. Nyumba ililiona hilo kama yeye. Kila alichoshika kilikuwa kimehamishwa sentimita mbili na mkono wa Mwalimu, na hakutaka kukirudisha. Mvua zikaanza. Marobota yakaanza kudidimia, kamba zikalegea, katikati yake pakawa peusi na laini kama keki iliyoanguka. Minyanya ilikauka ikiwa imesimama kwenye fremu yake. Fundi hakuing'oa.

Wiki ya pili alimpigia simu binti, siku isiyo ya kawaida yao, saa ambayo alijua Mwalimu amewapeleka mapacha kliniki. Binti akapokea.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Nilikuwa nauliza tu. Hivi huko kwenu mtu akija, huwa analala wapi?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Mzee fulani."

"Baba, ni wewe?"

"Nimesema nauliza tu."

"Baba yangu," binti akasema, na sauti ikawa ya muuguzi anayetafuta maneno. "Vyumba ni viwili tu. Mama analala na watoto, na kitanda cha tatu hakiingii, tumeshajaribu. Mkataba wa nyumba unaisha mwakani, tunatafuta kubwa zaidi. Tutaangalia, baba. Sawa? Tutaangalia."

"Sawa, mwanangu. Wala hakuna haraka."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Wabusu watoto."

Aliiweka simu mfukoni, akachukua mpira wa maji, akamwagilia uani mstari mmoja hadi mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Siku mbili baadaye, saa kumi, Mwalimu alipiga.

"Nasikia kuna mzee fulani anatafuta pa kulala."

Fundi akaihamishia simu sikio la pili.

"Mwambie mwakani," Mwalimu akasema kwa upole.

"Mwakani ni mbali, Mwalimu."

"Ni mbali."

Hakulipaka neno asali. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema "haya" ili wakate. Fundi alisikia maji yakitiririka kwenye sinki la kule, kisha bomba likafungwa.

"Sasa hivi uko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Uani."

"Kimebaki nini?"

Akamwambia. Bilinganya mbili zilizochelewa. Maua yale ya manjano, hayo hayajali mvua. Spinachi imekomaa, imekuwa chungu. Mrehani.

"Mrehani umeanza kutoa maua?"

"Umeanza. Juu kote."

"Ukiuacha utoe mbegu ndiyo basi, utakufa. Vikate vichwa vyote, utachipua upya."

"Nitavikata."

"Si utavikata. Sasa hivi."

Fundi akalitazama lile robota la karibu na mlango, limeinama upande mmoja kama mzee aliyesinzia.

"Haya. Nimekata," akasema.

"Muongo. Sijasikia mkasi."

Ikambidi aende jikoni kuuleta. Aliiweka simu juu ya mabua yaliyooza, sauti ikiwa juu, akainama. Mkasi ulikuwa butu, lakini ulilia.

"Kimoja," ikasema sauti ya Mwalimu kutoka kwenye mabua. "Endelea. Viwili. Usikate juu sana, acha majani mawili chini yake. Vitatu."

Alikata taratibu, akimngoja ahesabu. Harufu ya mrehani ikampanda puani na kumkaa mikononi. Walipofika kumi na saba akasema vimekwisha.

"Na kile cha nyuma?"

"Kipi?"

"Huwa hakikosi kimoja nyuma, Fundi. Inama uangalie."

Akapiga goti kwenye saruji iliyolowa, akafunua majani kwa vidole, macho yake yakihangaika kwenye mwanga hafifu wa mvua. Kilikuwepo, kimejificha karibu kabisa na ukuta.

"Nimekiona," akasema, na akakikata.